Kutembelea majumba ya masultani wa Unguja: fuata miaka, usifuate umbali

Wageni wengi wanaoteremka kwenye boti ya kutoka Dar huelekea Forodhani moja kwa moja. Wanapiga picha mbele ya Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, wanakula urojo, wanarudi hotelini. Hawajakosea, jumba lile linavutia macho ya kila mtu. Lakini ukianzia pale umeuona mwisho wa kisa kabla ya mwanzo wake, sawa na kuingia harusini wakati masufuria yanaoshwa.

Nimezaliwa Unguja na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatembeza ndugu, majirani na watoto wa skuli kwenye majumba haya. Nimejaribu njia nyingi. Iliyonifaa ni moja: kuyaona kwa mpangilio wa miaka yaliyojengwa, hata kama itabidi ulipite jumba moja barabarani na kulirudia baadaye. Ukifanya hivyo kuta zenyewe zinaanza kuzungumza, maana unaona nini kilibadilika kutoka baba hadi mwana. Tenga siku moja kamili kwa njia ya kaskazini na mjini, na nusu siku nyingine kwa Dunga.

Kwanza, shika majina matatu

Huna haja ya kukariri ukoo wote wa Busaidi. Shika watatu tu. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, na aliyefia baharini Oktoba 1856 akiwa safarini kutoka Maskati. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na huyu ndiye mjenzi mkubwa. Wa tatu ni Khalifa bin Harub, aliyekaa kwenye kiti kuanzia 1911 mpaka 1960, miaka ambayo amri kubwa ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Yapo majina mengine kati yao, na moja, Khalid bin Barghash, utakutana nalo Forodhani. Lakini ukiwa na hawa watatu, kila jumba utakaloingia utajua ni la zama za nani.

Na shika jina la bibi mmoja: Sayyida Salme binti Said. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akakulia ndani ya majumba haya, akaondoka Unguja 1866 baada ya kupata mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, wakaoana Aden. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani kwa jina lake jipya, Emily Ruete. Karibu yote tunayoyajua kuhusu maisha ya ndani ya majumba yale, nani alikaa wapi, nani alimwamkia nani asubuhi, yametoka kwake. Alifariki Ujerumani 1924, na inaelezwa kuwa alizikwa pamoja na kimfuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokuwa amekitunza.

Toka mapema, upite Maruhubi bila kushuka

Panda gari ya Bububu asubuhi, kabla jua halijakali. Stendi za mjini zimehamahama, kwa hiyo muulize mtu yeyote hapo Darajani gari za Bububu zinapakilia wapi siku hizi. Mwambie kondakta akushushe Mtoni kwenye magofu. Kilomita nne hivi kutoka mjini utaona njia ya Maruhubi upande wa bahari. Iache. Tutairudia.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Mwanamke avae nguo ndefu na achukue mtandio, mwanamume suruali inayofika chini, kwa sababu utapita katikati ya makazi ya watu na baadaye utasimama makaburini. Beba maji, na beba noti ndogo ndogo, maana anayekaa mlangoni mara nyingi hana chenji. Ukienda mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa hadharani, na umalize matembezi kabla ya alasiri kwani watu huwa wanawahi kufuturu.

Mtoni: kaa hapa kuliko kwingine kote

Hili ndilo kasri kongwe kuliko yote ya masultani kisiwani. Lilijengwa kati ya 1828 na 1834. Shamba lenyewe lilikuwa mali ya Saleh bin Haramil, Mwarabu ambaye husemwa ndiye aliyeleta mikarafuu Unguja. Sayyid Said alimnyang'anya. Kumbuka hilo ukiwa umesimama pale. Jumba la kwanza la kifalme lilisimama juu ya shamba la karafuu, na karafuu ilichumwa na watumwa.

Jina limetokana na kijito kinachopita hapo kuingia baharini. Ukishafika usikimbilie pwani. Anzia uani. Simama katikati ya ua mkubwa, halafu jaza macho yako kwa vitu alivyovieleza Salme: tausi, mbuni na paa waliokuwa wakizurura humu, watoto wakicheza, watu wa kazi wakipishana na mitungi. Anasema watu waliokaa hapa walifika kama elfu moja. Mbele ya Sultani ilitakiwa izungumzwe lugha ya Kiarabu tu, lakini akigeuza mgongo ilisikika Kiajemi, Kituruki, Kisirkasia, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Mama yake Salme mwenyewe alikuwa suria wa Kisirkasia, mtu wa milima ya Kaukasi. Mke mkuu, Bibi Azza binti Seif, alikuwa mfupi wa kimo lakini hakuna aliyethubutu kumpinga, na watoto wote walipaswa kwenda kumwamkia.

Sasa elekea upande wa bahari. Hapa ndipo palipokuwa na roshani kubwa ya mbao ya mviringo, imetokeza juu ya maji. Sayyid Said alikuwa akitembea humo huku na huko, kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyombaki pajani tangu vitani. Mbao zimekwenda. Bahari ni ile ile, na ukikaa kimya dakika chache utaona kwa nini mtu mwenye merikebu alitaka kukaa hapa: kila chombo kinachoingia Unguja kutoka kaskazini kinapita mbele yako.

Kisha fanya jambo hili, nawaomba wageni wangu wote walifanye. Tafuta chumba ambacho kuta zake mbili bado zimesimama, upime upana wake kwa hatua. Utapata hatua nne, tano ukiwa mfupi kama mimi. Nenda chumba kingine, pima tena. Upana ni ule ule. Sababu ni boriti. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haibebi uzito wa mawe na chokaa ikizidi mita tatu hivi. Kwa hiyo hata mfalme mwenye mali ya nchi mbili alilala katika chumba chembamba kama cha jirani yake. Angekiongeza kwa urefu, asingeweza kukiongeza kwa upana. Inua macho utazame matundu yaliyoachwa ukutani: mstari wa mashimo yaliyofuatana, kila shimo lilikuwa kichwa cha boriti. Sogea karibu na ukuta uliobanduka lipu. Mawe ni ya matumbawe, mepesi, yana vijishimo, mengine bado yana alama za makombe ya bahari. Katikati yake chokaa nyeupe iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Usibandue kipande, hata kile kilicholegea. Nimeona watu wakitia mfukoni.

Jumba liliachwa ukiwa karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, likaungua 1914, na vita vya kwanza vya dunia vilipokuja likatumika kama ghala. Hamamu zake, yaani majengo ya kuogea, ni sehemu iliyosalia vizuri zaidi. Ndani kunateleza baada ya mvua, shika ukuta.

Kidichi: hamamu bila kasri

Kutoka Mtoni endelea hadi Bububu, halafu chukua bodaboda au teksi kuelekea bara, upande wa mashamba. Njia inapanda kilima. Hamamu za Kidichi zilijengwa 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe Mwajemi, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Nyumba ya mapumziko iliyokuwa hapa imetoweka, yamebaki majengo ya kuogea yenye makuba.

Ingia ndani utazame juu ya kuta. Kuna nakshi za lipu: maua, mitende, ndege. Hapo simama kidogo. Mji Mkongwe mzima huna nakshi za namna hii, kwa kuwa Waibadhi wa Oman, wafuasi wa madhehebu ya Kiislamu ya masultani hawa, hawakupenda mapambo ya viumbe wala fahari ya kupita kiasi. Bibi yule wa Kiajemi alikuja na desturi za kwao, akaruhusiwa kuziweka kilimani, mbali na mji. Mimi huona ukuta huu unaeleza mengi kuhusu ndoa hiyo. Haikudumu, na bibi alirudi kwao.

Nusu saa inatosha hapa. Nje kuna mashamba ya viungo, na watakuja vijana kukuuzia karafuu na mdalasini. Nunua kama unahitaji.

Rudi Maruhubi

Sasa teremka tena barabara kuu na urudi upande wa mjini hadi ile njia uliyoiacha asubuhi. Kutoka Mtoni ya baba unaingia Maruhubi ya mwana, na tofauti utaiona papo hapo.

Barghash alilijenga 1882. Kijana huyu alikuwa ameasi dhidi ya ndugu yake Majid mwaka 1859, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Alikokuwa aliona mabustani yaliyozungushiwa kuta na mabomba ya maji, na alipopata kiti alirudi na macho yale. Ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi. Maruhubi kuna nguzo kubwa za mawe zilizopangwa mistari, zilizobeba roshani ya mbao iliyozunguka jumba. Moto ulikuja 1899, mbao zikateketea, nguzo zikabaki zimesimama pweke zikiangalia bahari. Marumaru ya hamamu iliibiwa muda si mrefu baadaye. Nyuma kuna birika la maji lenye mayungiyungi, na mabaki ya mfereji wa juu uliokuwa ukileta maji.

Hapa nina neno kuhusu watembezaji. Utaambiwa kuwa Barghash aliweka humu mke mmoja na masuria 99. Siku moja nilikuwa na wapwa zangu, na aliyekuwa akituongoza akaendelea kutoka hapo hadi akaanza kueleza nani aliuawa wapi na kwa sababu gani, wageni wakicheka. Mpwa wangu wa kike, wakati ule ana miaka kumi na miwili, akauliza: "Mjomba, hao 99 hawakuwa na majina?" Sikuwa na jibu, na mwongozaji pia hakuwa nalo. Tangu siku ile nikifika Maruhubi huwaeleza watu wangu kwanza suria alikuwa nani: mwanamke aliyenunuliwa au kutekwa, aliyeletwa kutoka Habesha, Kaukasi au bara letu hili, ambaye akizaa na Sultani mtoto wake huwa huru na mrithi sawa na wengine. Watoto wengi wa Sayyid Said walizaliwa na wanawake kama hao. Salme ni mmoja wao, na Barghash mwenyewe ni mmoja wao. Hesabu ya 99 ichukue kama masimulizi. Hao wanawake walikuwepo kweli, na vyumba ulivyosimama ndani yake vilikuwa vyao.

Kuhusu kuchagua mtembezaji: mwulize kwanza kama ana kitambulisho cha kazi, mkubaliane bei kabla ya kuanza, na umwombe akuoneshe jinsi jengo lilivyofanya kazi, maji yalitoka wapi, moto uliwashwa wapi. Anayejua atafurahi kuulizwa. Asiyejua atakurudisha kwenye visa vya vitisho.

Njiani utapita pia Kibweni. Kuna kasri lililojengwa 1915 enzi za Khalifa bin Harub, nalo ni ikulu mpaka leo. Haliingiwi, na usielekeze kamera upande huo.

Forodhani baada ya adhuhuri

Kula kwanza. Halafu simama ng'ambo ya barabara, mgongo wako ukielekea baharini, ulitazame Beit el Ajaib kama mtu aliyetoka kupima vyumba vya Mtoni. Barghash alilimaliza 1883. Utaona nguzo ndefu nyembamba za chuma na roshani zinazozunguka jumba ghorofa juu ya ghorofa. Ndani, dari zilibebwa na chuma, ndiyo maana kumbi zake zikawa pana kwa namna ambayo boriti ya mkoko isingekubali kamwe. Kwa mara ya kwanza Unguja mtu aliweza kujenga chumba kipana kadiri anavyotaka. Baadaye likawa jengo la kwanza visiwani kuwa na umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Ukisikia watu wa zamani waliliita la ajabu, hawakuwa wakitia chumvi. Milango yake mikubwa imechongwa aya za Kurani. Watembezaji husema ilifanywa mipana ili Sultani apite juu ya tembo. Kisa kinapendeza, kichukue hivyo.

Usipange safari yako ukitegemea kuingia ndani. Paa lake liliporomoka sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande mzima ulianguka pamoja na mnara wa saa, wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Mimi nililia siku ile na sioni haya kusema. Ukipita hapo na watoto, waambie na habari ya mafundi hao wawili.

Sasa geuka kushoto kwako, kwenye bustani iliyo kati ya Beit el Ajaib na kasri lingine. Watu hukaa pale kupumzika bila kujua kuwa palikuwa na jumba la tatu, Beit el Hukm. Majumba yote matatu yaliunganishwa kwa madaraja ya juu ili wanawake wa kifalme wapite bila kuonekana barabarani. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamed bin Thuwaini alifariki, na binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza. Waingereza walimtaka mtu mwingine. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili manowari zao zikaanza kupiga. Haikufika saa nzima, kwa hesabu nyingi ni dakika 38 tu, upande wa Khalid watu kama 500 wakiwa wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Beit el Hukm haikurudi tena. Mnara wa saa wa Beit el Ajaib, huu ulioanguka 2020, uliongezwa mbele ya jengo walipolikarabati 1897. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akatoroshewa Dar es Salaam.

Malizia Beit el Sahel na makaburini

Jumba jeupe lililo kushoto zaidi ndilo Beit el Sahel. La awali lilivunjwa na mizinga ile ile, hili lilijengwa upya, na kuanzia 1911 likawa makazi rasmi ya masultani mpaka Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Sultani Jamshid bin Abdullah alipokimbia kwa meli ya kifalme. Tangu 1994 ni makumbusho. Ni jengo la umri, hufungwa kwa matengenezo mara kwa mara, kwa hiyo ulizia siku moja kabla.

Ukiingia, watu huganda kwenye viti vya dhahabu. Mimi nawashauri mtafute vyumba vya Sultani Khalifa. Kuna samani za formaika za miaka ya hamsini, za namna ile ile ambayo bibi zetu walikuwa nayo vyumbani mwao. Utamwona mfalme aliyebaki na bendera na heshima, anayenunua kabati la kisasa kama mtu yeyote wa mjini. Salme naye ana chumba chake humo.

Ubavuni mwa jumba kuna makaburi ya kifalme. Omba ruhusa, vua kofia ya jua, sema salamu kwa sauti ndogo. Sayyid Said amelala hapa, pamoja na baadhi ya wanawe, akiwemo Barghash ambaye ndiye aliyemleta baba yake kutoka merikebuni na kumzika usiku kimyakimya. Kaburi la baba lilianza kujengewa kuta za fahari na Majid. Halikumalizwa: Waibadhi wenye msimamo walisema kaburi halipambwi. Kuta zimeachwa zilipofikia.

Siku ya pili, nenda Dunga

Kabla ya Waomani kisiwa kilikuwa na wenyewe. Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa asili wa kisiwa, alijenga kasri lake Dunga, katikati ya kisiwa, kati ya 1846 na 1856, miaka ile ile ambayo Sayyid Said alikuwa akitembea roshanini kwake Mtoni. Ukoo ulikatika 1873 alipofariki wa mwisho wao. Alama zake za enzi zilikuwa ngoma na siwa, yaani baragumu kubwa, na wazee wanasema ngoma zile zililia zenyewe hatari ilipokaribia. Wazee haohao watakuambia udongo wa kuta ulichanganywa na damu ya watumwa.

Panda gari ya Chwaka, ushuke Dunga, uwaulize wenyeji lilipo gofu. Ni dogo, yamebaki mabaki ya kuta na matao. Pima upana wa chumba kwa hatua zako, kama ulivyofanya Mtoni. Kisha keti barazani na mzee mmoja kama atakukaribisha, umpe shikamoo yake, umsikilize bila kumharakisha. Gari za kurudi mjini hupungua jioni, basi uwe barabarani kabla ya saa kumi na moja.